Kompyuta Iliyokatazwa Kuzimwa

Sogeeni karibu, wanangu, niwape kisa cha kompyuta iliyopigwa marufuku kuzimwa. Mwaka 1990, kwenye maabara ya CERN karibu na Geneva, Mwingereza mmoja aitwaye Tim Berners-Lee alikuwa na kompyuta nyeusi ya mezani ya kampuni ya NeXT. Aliibandika karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu, akionya kwamba mashine hiyo ni seva na mtu asithubutu kuizima. Hakuwa akitania. Mwanzoni, wavuti nzima ya dunia ilikaa humo ndani. Mfagizi angechomoa plagi, basi tena.

Hiyo ilikuwa kompyuta ya mtu kukaa mbele yake, yenye skrini na kipanya. Kilichoifanya seva ni kazi iliyopewa: kukesha ikiwangoja wasioonekana na kumpa kila mmoja alichoomba, kama duka la mtaani ambalo mwenyewe halali. Kwa hiyo mkitaka kujua mfumo endeshi gani unafaa kwa seva, msiutazame uzuri wake. Ulizeni unafanya nini pale ambapo hakuna mtu mbele yake.

Tuanze na Windows. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na kihesabio kilichohesabu milisekunde tangu kompyuta iwashwe. Kihesabio hicho kiliweza kufika 4,294,967,295 tu, kisha kikarudi sifuri. Chukueni kalamu mgawanye: ni siku 49 na saa kama 17. Kompyuta ikifika hapo iliweza kuganda kabisa. Kosa hilo lilikaa miaka bila kujulikana, na mimi hucheka kila nikilikumbuka, maana ni nani aliyewahi kuiacha Windows 98 ikae siku zote hizo bila kuizima, au bila yenyewe kuganda kwa jambo lingine?

Windows ya leo ni ya ukoo mwingine, wa NT, ulioanza mwaka 1993, nayo ni imara. Shida yake iko kwenye leseni. Mwaka 1996 watu walioichunguza NT 4.0 waligundua kwamba toleo la mezani na toleo la seva, lililouzwa ghali zaidi, yalikuwa na kiini kile kile. Mipangilio michache tu ndiyo iliyoamua hili liitwe hivi na lile vile. Mpaka leo Windows 10 na 11 za mezani zinaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuchota mafaili au kuchapisha kupitia kwazo. Darasa la watoto 40 limeshapitiliza. Tena Windows ina tabia ya kujizima na kujiwasha usiku ili ijisasishe, wageni wakiwa wangali mlangoni.

Na ile NeXT? Apple iliinunua kampuni hiyo, na mfumo wake ndio uliozaa macOS. Ungedhani mjukuu wa seva ya kwanza ya wavuti angeshika urithi. Wapi! Apple iliuza mashine za seva zilizoitwa Xserve tangu 2002, ikaziacha 2011. Programu yake ya macOS Server nayo ikasitishwa mwaka 2022. Leo Mac huwekwa kwenye kumbi za seva hasa kwa ajili ya wanaotengeneza programu za iPhone, kwa kuwa kazi hiyo inaidai Mac. Kwa kazi nyingine, sioni sababu ya kulipa bei ile.

Linux ilianzia chumbani kwa mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mezani haijawahi kutamba sana, lakini tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa kasi zinaendeshwa nayo. Katika Linux iitwayo Ubuntu, toleo la mezani na la seva huchota programu kwenye ghala moja. La seva limevuliwa tu madirisha na mapambo. Ubuntu haina ada, wala haihesabu wageni.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna laptopu kuukuu, ombeni ruhusa muiwekee Ubuntu. Betri yake, ikiwa bado inashika chaji, itaivusha umeme ukikatika. Ila badilisheni mpangilio wa kifuniko kwanza, kwani mkikifunga italala, na seva iliyolala ni kopo. Kisha ingieni kwenye folda yenye picha zenu, fungueni dirisha la amri humo humo, muandike:

python3 -m http.server 8000

Aliye kwenye Wi-Fi ile ile afungue kivinjari cha simu, aandike anwani ya laptopu, nukta mbili, kisha 8000. Laptopuni mtaona mstari mpya ukichomoza kwa kila anayebisha hodi: anwani yake, saa aliyofika, na picha aliyoomba.