Kofia Igeuzwe Tuone Ndani

Mashindano ya kofia ya Shela, kisiwani Lamu, yaliyoanzishwa na Herbert Menzer, Mjerumani aliyeanzisha pia tamasha la wachoraji la Lamu, yana vichekesho vyake. Vitu vya kuokota ufuoni na majalalani hufungwa, hushonwa na kuvaliwa kichwani mbele ya watu. Watazamaji hucheka, na ni haki yao. Hata hivyo, aliyehangaika kuifanya kofia ya makumbi ikae kichwani bila kuanguka yuko karibu zaidi na wabunifu wa kofia wa Uingereza kuliko aliyekariri majina yao. Maonyesho yoyote ya mitindo, ya huku au ya kule, humfunza anayeuliza kitu kimeundwaje na malighafi yake imetoka wapi. Anayeuliza tu nani alikivaa huondoka na picha za simu.

Mfano mzuri wa wabunifu hao ni Stephen Jones, mshona kofia aliyesomea chuo cha sanaa cha Saint Martin's na kufungua duka lake Covent Garden, London, mwaka 1980. Amewatengenezea kofia wanamuziki na Binti Mfalme Diana, na kwa miaka mingi amefanya kazi na nyumba ya mitindo ya Dior. Mwaka 2009 jumba la makumbusho la Victoria and Albert lilimpa nafasi ya kuchagua mamia ya kofia kutoka hazina mbalimbali na kuzipanga kwa macho ya fundi. Msururu ulianza na chanzo cha wazo, ukapita kwenye karakana na dukani, ukaishia kwa mvaaji. Mpangilio huo wenyewe ni somo. Kofia ya kitambaa kizito huvutwa juu ya kalibu ya mbao ikiwa imelainishwa kwa mvuke, na umbo hubaki baada ya kukauka. Kofia yetu nyeupe inayoshonwa kwa mkono haina kalibu ya namna hiyo: nguvu yake inatokana na vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa sindano, na hasa na maungio ya duara la juu na ukuta wa pembeni. Anayejua kazi hii ataiona tofauti mara moja, na ndipo maswali ya maana yanapoanza.

Swali la malighafi lina faida kubwa zaidi. Mji wa Luton, kaskazini mwa London, ulijijenga kwa kofia za majani, na hadi leo timu yake ya mpira huitwa kwa jina la watengeneza kofia. Wanawake na watoto wa vijiji vya jirani walisuka mabua ya ngano kuwa mikanda mirefu myembamba, kisha mikanda ikashonwa kwa kuzungushwa kutoka utosini hadi ukingoni. Mwanamke wa Lamu anayesuka ukili wa miyaa, kisha akaushona pembeni kwa pembeni kuwa mkeka au kikapu, hahitaji mkalimani hapo. Lakini kazi ile ya vijijini ilikufa. Kuanzia miaka ya 1870 misuko ya bei nafuu kutoka China, na baadaye Japani, ilifurika Uingereza, wasukaji wakakosa soko, ilhali viwanda vya Luton viliendelea kushona kofia kwa malighafi ya wageni. Aliyebaki na faida ni mwenye umbo, duka na jina. Mwenye msuko aliondolewa. Habari hii ni nadra kuikuta imeandikwa kando ya kofia nzuri kwenye kabati la kioo. Ndiyo maana mazungumzo ya ana kwa ana ya mbunifu na hadhira yana thamani zaidi kuliko kadi ya maelezo: kadi haiulizwi ukili ulinunuliwa kwa nani, kwa bei gani.

Wako watakaosema kuwafuatilia wabunifu wa Uingereza ni kuendeleza utumwa wa mawazo. Hofu hiyo ina historia nyuma yake, maana Manchester ilituchapia kanga tukazinunua. Lakini katika kofia alizochagua Jones mwaka 2009 ilikuwamo tarbushi ya Misri ya karne ya 12. Wabunifu wa huko hutazama kwa wengine bila kuona haya. Kutojua wanavyofanya kazi hakutulindi, hutufanya tuuze ukili kwa bei ya ukili milele.

Pingamizi la umbali wa Uingereza ni zito zaidi. Nauli na viza si mchezo, na picha za mtandaoni, ingawa makumbusho makubwa yameziweka kwa maelfu, hazionyeshi mshono wa ndani. Kijana wa Shela aanzie Makumbusho ya Lamu na kwa mafundi wa mji, ajizoeze kuuliza. Mwenye jamaa London ana njia nyingine: tangu Mei 2025 ghala jipya la Victoria and Albert huko mashariki mwa London linamruhusu mtu yeyote kuagiza mapema hadi vitu vitano, bila malipo, akaletewa avitazame kwa karibu. Ampigie simu, amwambie aagize kofia ya majani, kisha aombe igeuzwe mshono wa ndani uonekane.