Kopo la sarafu za babu: Anzia hapo kukusanya sarafu za Mwingereza

Sumbawanga. Kabla hujampimia mnunuzi wa vyuma chakavu lile kopo la sarafu alizoacha babu, limwage mezani kwanza. Kwake ni shaba ya kilo, inayeyushwa na biashara imeisha. Kwako huenda ukawa mwanzo wa hobi ambayo haidai mtaji mkubwa, maana mtaji tayari uko chini ya kitanda cha bibi.

Wengi wakisikia mtu anakusanya sarafu za zamani wanawaza dili la mamilioni. Hapo ndipo watu wanapopigwa, na tutafika huko. Kwanza tuone kilichomo koponi.

Ufipa ni kona nzuri

Rukwa imekaa mahali pa kipekee. Kusini kuna Zambia, magharibi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Congo. Pesa ya kila upande ilivuka na watu. Wanaume walitoka nyanda za juu za Ufipa kwenda mbali kutafuta hela ya kodi, wengine kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine hadi mashamba ya mkonge Tanga. Walirudi na walichobaki nacho mfukoni.

Ndiyo maana kopo moja linaweza kuwa na sarafu za serikali nne. Ukikuta shaba yenye neno HELLER, hiyo ni ya Mjerumani, na ndiyo iliyozaa neno "hela". Ukikuta yenye pembe sita na picha ya tembo, mwaka 1943, hiyo ni faranga mbili za Congo ya Mbelgiji. Peni yenye tundu katikati na tembo wawili ni ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, la miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, wakati Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini.

Zilizobaki, na mara nyingi ndizo nyingi zaidi, zina maneno EAST AFRICA. Hizo ndizo za kuanzia.

Zilifikaje?

Juni 1916 majeshi ya Mwingereza yaliichukua ngome ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo kando ya ziwa. Mjerumani aliondoka, rupia zake zikabaki mikononi mwa watu kwa muda. Desemba 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Ilianza na florini mwaka 1920, jambo likavunjika haraka, na kuanzia 1921 ikatoa shilingi. Sarafu za 1920 ni adimu kuliko za miaka iliyofuata, kwa hiyo ukiona mwaka huo, tulia.

Shilingi ya bodi hiyo ina kichwa cha mfalme upande mmoja, na upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Senti hamsini, sumni ya wazee, ina simba huyohuyo. Senti moja, tano na kumi zina tundu katikati, pembe za ndovu zimelizunguka, na upande wa pili kuna taji na jina la mfalme. Kwa kuwa tundu limechukua nafasi ya kichwa, hazina sura ya mtu.

Kumbuka hilo la kukosa sura, maana ndilo linaloifanya sarafu ifuatayo kuwa tamu.

Mfalme ambaye hakuvikwa taji

Tafuta sarafu ya tundu ya mwaka 1936, senti tano au senti kumi. Soma jina kwenye ukingo. Kama ni GEORGIVS, ni ya Mfalme George wa Tano, aliyefariki Januari mwaka huo. Kama ni EDWARDVS VIII, umeshika sarafu ya Edward wa Nane.

Huyu alirithi ufalme Januari 1936 na kujiuzulu Desemba mwaka huohuo ili amuoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwishaachika. Hakuwahi hata kuvikwa taji. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia kabisa kwenye matumizi. Zilibaki za majaribio. Mwaka 2020 moja ya hizo, ya dhahabu, ilinunuliwa kwa paundi milioni 1.

Huku Afrika Mashariki mambo yalikuwa tofauti. Sarafu za tundu hazikuhitaji kusubiri mchoro wa sura yake, jina tu lilitosha, zikapigwa kwa mamilioni na kutumwa. Mama aliyenunua chumvi sokoni aliweza kurudishiwa chenji yenye jina ambalo mtu wa London hakuwahi kuliona kwenye pesa yake.

Sasa bei. Kwa kuwa zilipigwa mamilioni, senti kumi ya Edward iliyochakaa kawaida inauzwa dola chache tu, si zaidi. Usiote nyumba. Lakini kama sarafu ya kwanza ya mkusanyaji, ni vigumu kupata nyingine yenye hadithi kubwa kwa bei ndogo hivyo.

Kusoma sarafu kwa simu

Mfalme, mwaka, thamani. Hayo matatu yanatosha kuitambua. Kisha washa tochi ya simu, ielekeze kwa ubavu, utafute herufi ndogo. H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham. SA ni Pretoria, I ni Bombay. Hivi viwili utavikuta kwenye sarafu za wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka mmoja unaweza kuwa na sarafu tatu zenye herufi tofauti, na wakusanyaji huzitaka zote tatu. Hapo ndipo mtu analewa hobi hii.

Tovuti ya Numista ni bure, ina picha na uzito wa sarafu karibu za nchi zote. Andika East Africa, linganisha.

Kitu kingine: shilingi za bodi hiyo zinaishia kwa Mfalme George wa Sita, mwaka 1952. Malkia Elizabeth yumo kwenye sumni na senti ndogo tu. Mtu akikuletea "shilingi ya Malkia ya East Africa" jiulize imetoka wapi.

"Lakini ni ya fedha!"

Kweli, shilingi hizo hadi 1946 zina madini ya fedha, ila ni robo tu. Shilingi moja ina uzito wa karibu gramu 7.8, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki gramu 2. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, fedha hakuna kabisa. Anayekwambia kopo lako ni utajiri wa madini, mpe hesabu hiyo.

Kisha wapo matapeli wenyewe. Stori ya rupia inayovuta punje za mchele imezunguka sana, na India nako wameumizwa nayo. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Mtu anayetaka "pesa ya kupima" au "nauli ya mzungu mnunuzi" kabla hujaona senti yake, huyo mwache aende.

Dili lingine ni la dhahabu ya Tabora. Sarafu hiyo ipo kweli: mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa, walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Kwa sababu ni ya kweli na ni ghali, bandia zake ni nyingi. Anayeanza asiiguse. Kama imetoka ndani ya familia, ipelekwe kwa sonara ipimwe uzito na dhahabu kabla ya maneno mengine.

Jaribio la haraka nyumbani ni sumaku ya spika mbovu. Sarafu za bodi ni shaba, shaba na nikeli, au fedha hafifu, sumaku haizinasi. Ikinasa, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi.

Na kuchimba? Usiende na jembe kwenye magofu, Kasanga au kwingine kokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda maeneo ya kihistoria, na kuchimba humo bila kibali ni kosa.

Usisugue

Hili linawaumiza wengi. Mtu anapata sarafu nyeusi, anaikamua limao, anaisugua kwa majivu au dawa ya meno hadi ing'ae. Inang'aa, na thamani imeondoka, kwa sababu mnunuzi anaona mikwaruzo mara moja. Weusi ule wa shaba ndio ngozi yake. Udongo ukiwa mwingi, loweka kwenye maji safi, kausha kwa kitambaa laini bila kusugua, basi. Shika ukingoni, usiweke kidole usoni.

Plastiki laini ya mfuko huacha ukungu wa kijani baada ya muda, hasa masika. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha, moja kwa kila sarafu, ndani ya kopo kavu.

Juu ya bahasha andika mwaka, thamani, jina la aliyekupa, na alikoipata. "Babu, Lupa, mshahara wa kwanza" ni maneno matano tu, ila sarafu yenye maneno hayo si sawa na ileile iliyookotwa mnadani. Kwa hiyo kabla ya kufungua Numista, kaa na bibi. Mwombe ruhusa kwanza, maana kopo ni lake. Mpe sarafu moja moja mkononi, washa kinasa sauti cha simu, umuulize hii ilinunua nini. Wazee waliozitumia hizo senti walikuwa watoto miaka ya 1940 na 1950, na hawazidi kuwa wengi.