Nani Ananunua Simu ya Dereva?

Watalii wa kamera shingoni ni wachache Likasi. Wapo wanaopita kwenda Mwadingusha kuona maporomoko ya Lufira. Wapo Wazungu wanaokuja kutafuta mahali walipozingirwa askari wa Ireland mwaka 1961, enzi mji huu ukiitwa Jadotville, nao hurudi Lubumbashi, kilomita kama 120, kabla giza halijaingia. Mgeni wetu wa kila siku ni dereva wa lori. Anatoka Tanzania au Zambia, anapanda hadi Kolwezi kuchukua shaba na kobalti, na barabara ya taifa namba 1 inampitisha kwetu akienda na akirudi. Ana dola za safari mfukoni, ana simu mbili, na hamjui mtu. Kwa kibaka wa Likasi, mtalii ndiye huyo.

Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Kikula. Naandika kwa sababu nasikia watu wakimlaani mtoto anayenyang'anya barabarani, na wana haki, lakini sisikii mtu akiitaja meza ambapo kilichonyang'anywa kinageuka pesa. Meza hiyo inafanana na yangu: mwavuli, kikuza sauti kidogo, sahani ya skrubu, na kijana mwenye bisibisi.

Kwanza mwone dereva anavyoibiwa. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Malori ya Tanzania na Zambia yametengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Lori likiingia kwetu, dereva anajikuta amekaa upande wa ukingo wa barabara, pale wanapopita waenda kwa miguu na wauza maji. Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto. Simu iko mbele ya kioo, inachajiwa. Lori likipunguza mwendo kilimani au likisimama kwenye foleni ya kulipia barabara, kijana mmoja anagonga bodi upande wa kushoto akipiga kelele, "Dereva, tairi!" Dereva anageuza shingo kutazama kioo cha upande ule. Mkono wa mwenzake umeshaingia dirishani, umetoka, na waya wa chaji umebaki unaning'inia. Hao ni wa mchana. Usiku kuna wengine, wenye mapanga, na hao hawagongi bodi.

Yule mwenye mkono mwepesi hakai na simu hata saa mbili. Ana mtu anayemsubiri, mara nyingi mkubwa wake kwa miaka, ambaye hajawahi kugusa lori maishani mwake. Simu ambayo ikiwa mpya dukani ni dola 150, huyu anaichukua kwa dola 15 au 20, wakati mwingine kwa chini ya hapo kama kijana ana njaa. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuitoa laini. Kitu cha pili ni kujaribu namba ya siri, kwa sababu siku hizi pesa iliyo ndani ya M-Pesa au Airtel Money inaweza kushinda bei ya simu yenyewe. Watu wanaweka mwaka wa kuzaliwa. Wanaweka 1234. Nimewahi kufungua kava la simu ya mteja nikakuta karatasi yenye namba ya siri imekunjwa humo humo, pamoja na kadi yake ya uchaguzi. Kadi ile ndiyo kitambulisho chetu. Anayeishika ana jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa.

Baada ya hapo simu inakuja kwetu mafundi.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja, msafi, amevaa shati la shule. "Yaya, nifungulie hii, ni ya kaka yangu, amesahau kodi." Simu ilikuwa na chaji asilimia 80 na zaidi. Simu ya mtu aliyesahau namba ya siri huja imezimika, kwa sababu amehangaika nayo siku mbili. Laini haikuwemo, na tundu la laini lilikuwa na mkwaruzo mpya wa pini. Nikaiwasha. Picha iliyotokea kwenye kioo kilichofungwa ilikuwa ya lori jeupe limeoshwa vizuri, na mbele yake mtoto wa kike amevaa sare, ameshika bampa. Namba ya lori ilisomeka yote, ikianza na herufi T. Ni ya Tanzania hiyo.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mlete kaka yako mwenyewe, nitaifungua bure." Akasema anamfuata. Simu aliiacha mezani, na hakurudi.

Mteja wangu mmoja hulala na lori lake kwenye maegesho ya barabara ya Kolwezi. Nilimpa ile namba ya lori. Madereva wana vikundi vyao vya WhatsApp vinavyofika Tunduma hadi Dar es Salaam, na kabla ya jua kuzama mwenye simu alikuwa amesimama mbele yangu, mtu mzima mwenye mvi, amepanda pikipiki kutoka maegesho. Sikumwambia neno. Nilimpa simu, akaingiza namba ya siri mara moja, ikafunguka. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja akitazama picha. Mama yake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na picha za mwisho zilikuwa humo. Tukisema "simu tu, atanunua nyingine," tujue tunachokisema.

Simu nyingi hazipati bahati ile. Google waliweka kinga mwaka 2015, na Apple walitangulia mwaka 2013: hata ukiifuta simu yote, inadai akaunti ya mwenyewe. Watu walidhani wizi utakwisha. Wezi walihamia kwenye vipuri. Simu isiyofunguka inapashwa moto pembeni hadi gundi ilegee, inapitishiwa kipande chembamba cha plastiki, kioo kinatoka kizima. Kamera, betri, spika, kila kimoja kina mnunuzi. Mama wa watu aliyevunja kioo chake sokoni anawekewa kioo cha dereva, analipa, anashukuru, na hajui.

Ile inayofunguka inasafiri. Kila simu ina namba yake ya tarakimu 15 inayoitwa IMEI, na kampuni ya mtandao inaweza kuifungia. Tanzania walionyesha kwamba inawezekana: Juni 2016 mamlaka yao ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na hadi leo simu iliyoripotiwa kuibiwa inaweza kufungiwa. Lakini kufungiwa Dar hakuifanyi isiwake Likasi. Tatizo hilo si la Afrika pekee. London, Oktoba 2025, polisi walieleza kwamba wamevunja kundi linaloshukiwa kusafirisha hadi simu 40,000 za wizi kwenda China ndani ya mwaka mmoja. Simu iliyofungiwa Uingereza hupata maisha mapya Shenzhen, kwa sababu huko orodha ya Uingereza haisomwi.

Sisi Kongo tulikuwa na RAM, daftari la taifa la simu. Lilianza mwaka 2020, likakata salio letu la simu kidogo kidogo, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti. Wananchi waliahidiwa kwamba simu za wizi na za bandia zitatambuliwa. Walichokiona ni makato. Kelele zikafika bungeni, na mwaka 2022 likafutwa. Kufutwa makato ilikuwa haki. Kilichonisikitisha ni kwamba wazo la kuzifungia simu za wizi lilizikwa pamoja na makato, na sijasikia aliyelifukua. Kuitambua IMEI hakuhitaji kumkamua muuza nyanya.

Najua vijana hawa wanaonyang'anya wanatoka wapi. Miaka ya 2003 na 2004 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliwaaga wafanyakazi kama 10,000 kwa mpigo, wengi wao wa miji kama huu wetu. Waliokaa nyumba za kampuni Panda na Shituru, watoto wao wakisoma shule za kampuni, walirudi nyumbani na bahasha iliyokwisha upesi. Wajukuu wao ndio hawa wanaoyatazama malori ya shaba yakipita. Nawahurumia, ila huruma yangu haimfikii yule anayewasubiri na dola 15, kwani yeye angeweza kufanya biashara nyingine.

Na sheria inamjua. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 101, inampa anayepokea mali ya wizi kifungo cha hadi miaka mitano. Ni sawa na kile cha mwizi wa kawaida katika kifungu cha 80. Mafundi wengi hawajui hilo. Wanadhani kununua ni kununua. Mimi nina daftari. Anayeniuzia simu anaandika jina, namba ya kadi ya uchaguzi na IMEI, kisha anaifungua kwa mkono wake mbele yangu. Asiyetaka kuandika aende. Nimepoteza wateja kwa daftari hilo, na jirani zangu wawili nao wameanza kuandika.

Mafundi wenzangu wa Likasi, Kambove na Kolwezi, tuandike sote. Kijana akizungushwa meza kumi bila mnunuzi, kesho hatakuwa na sababu ya kusimama pale kilimani. Nanyi madereva, mkifika Kongo mjue dirisha lenu liko upande wa watu. Ondoeni simu mbele ya kioo. Kabla ya safari bonyezeni *#06#, mwandike zile tarakimu 15 kwenye karatasi, na karatasi hiyo muiache nyumbani kwa mke au kwa mume, si ndani ya kava.