Machimbo ya kokoto bondeni: kwa nini wenyeji hukataa?

1/ Mwekezaji akitaka kuchimba kokoto bondeni na wenyeji wakatae, jukwaani utasikia tu: "Hawa wanapinga maendeleo." Hebu tufungue hii maneno pole pole. Uzi 👇🏾

2/ Tuwe wakweli kwanza. Barabara, shule na hospitali hujengwa kwa kokoto, na lazima itoke mahali. Vijana wa hapo pia wanataka kazi. Ubishi uko hapa: nani anapata faida, na nani anaachiwa shimo?

3/ Mwenye kampuni anauza mawe. Jirani anabaki na vumbi, nyufa za ukuta juu ya baruti, malori, na mto uliojaa matope. Na bondeni ndiko maji na mashamba yaliko. Shimo lisipofukiwa, mvua ikinyesha linageuka bwawa, na watoto wataenda kuogelea humo.

4/ Katiba, ibara ya 42: kila mtu ana haki ya mazingira safi. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba mtu ameshaumia. Yaani huhitaji kungoja nyumba ipasuke.

5/ Kabla ya kuchimba, lazima kuwe na tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA. Wenyeji huulizwa maoni kwa sababu sheria inataka hivyo. Hakuna anayewafanyia hisani.

6/ Hapa ndipo watu huchezwa. Baraza linaitwa, soda zinapeanwa, unatia sahihi kwa karatasi ya mahudhurio. Kesho karatasi hiyo inaonyeshwa eti mlikubali. Kuhudhuria si kukubali! Hakikisha pingamizi lako limeandikwa kwa kumbukumbu za mkutano, na upige picha ubaki nayo.

7/ Leseni ikitolewa, una siku 60 kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Juni 2019, jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu. Sababu moja kubwa: wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akija na "wanapinga maendeleo", muulize matatu. Ripoti ya tathmini iko wapi tuisome? Nani atafukia shimo, na kwa pesa gani? Mto ukichafuka, walio chini watakunywa nini? Akikosa majibu, wenyeji bado wana sababu ya kukataa.