Mtoto Anyonyaye na Chakula Chake

Mtoto ni amana. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu Mtukufu ameutaja muda wa miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na akamwajibisha baba kumlisha na kumvika mama. Basi kazi hii si ya mama peke yake.

Miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama yatosha; hata maji hayahitajiwi. Baada ya hapo ziwa liendelee, na chakula kiongezwe. Katika nyumba za Mugoma, wilayani Ngara, ndizi ni chakula cha kawaida. Ndizi humshibisha mtoto, lakini peke yake haimjengi mwili. Ipondwe pamoja na maharage yaliyoiva sana na kumenywa maganda, au itiwe karanga zilizosagwa laini, au unga wa dagaa. Uji nao uwe mzito, usichuruzike kijikoni, kwani tumbo la mtoto ni dogo.

Akiharisha, asinyimwe ziwa wala chakula. Apelekwe zahanati upesi.

Nawe baba, urudipo sokoni, jiulize: cha mtoto ki wapi?

Wabillahi tawfiq.