Mtoto Anaumwa na Analala Sana: Ni Usingizi au Amelegea?

Mama mmoja wa Kariakoo alikuja kliniki asubuhi, mtoto mgongoni. "Nesi, tangu jana analala tu. Majirani wameniambia nimwache, usingizi ni dawa." Nilimwita mtoto, nikamkuna unyayo. Hakufumbua macho. Kipimo kilionyesha malaria. Alikimbizwa hospitali, na tunashukuru alipona.

Ni kweli usingizi unamsaidia mgonjwa. Lakini mama, mtoto aliyelala na mtoto aliyelegea hawako sawa.

Utajuaje?

Mtoto mwenye homa hulala kuliko kawaida. Kila baada ya saa mbili au tatu mwamshe. Akifumbua macho, akakutazama na kunyonya au kunywa, mwache alale tena.

Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

- haamki vizuri au amelegea
- hawezi kunyonya wala kunywa
- anatapika kila kitu
- amepata degedege
- kifua kinabonyea anapovuta pumzi
- anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika (miezi 2 hadi 11), au mara 40 au zaidi (mwaka 1 hadi 5). Hesabu dakika nzima akiwa ametulia.

Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa asisubiri dalili nyingine. Homa yoyote mpeleke apimwe siku hiyo hiyo.

Usiku nyumbani

Vyumba vyetu vya kupanga vina joto. Mvalishe nguo nyepesi, usimfunike blanketi zito. Feni isimpige usoni. Chandarua ni kila usiku, hata akiwa mgonjwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali.

Panadol ya maji hutolewa kulingana na uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Tumia kipimo kilichomo kwenye boksi, siyo kijiko cha chai. Kama anaharisha, mpe ORS kila anapoharisha, pamoja na zinki kama ulivyoelekezwa.

Usimpe Piriton wala dawa yoyote ili alale. Itamlegeza, nawe utashindwa kujua kama ni dawa au ni ugonjwa umezidi.

Akishapona

Watoto wengi huendelea kuamka usiku kwa siku kadhaa. Wamezoea kubebwa, na wengine wana njaa kwa sababu hawakula vizuri. Siyo deko wala ukorofi. Mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki 2.

Kisha rudisha ratiba taratibu: aoge, ale, aingie kwenye chandarua saa ile ile kila siku. Zima taa na televisheni. Akiamka, mpapase na umbembeleze palepale kitandani kabla ya kumbeba. Kama unashinda naye kwenye meza ya biashara, jitahidi usingizi wa mchana uishe kabla ya saa kumi jioni. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usiku na mchana kwa pamoja.

Homa ikirudi, au akiendelea kuwa mnyonge na hachezi, mrudishe kituoni. Usione aibu kuja mara ya pili. Ni afadhali tumpime tukute mzima.