Baiskeli ya Kunolea Visu Ikisumbua

Ndugu wanakikundi, baiskeli ya kunolea visu haiendi popote: stendi huinua gurudumu la nyuma, fundi hupiga pedali palepale, mkanda ukazungusha jiwe.

Je, jiwe hupunguza mwendo kisu kinapoligusa? Msikandamize! Mkanda unateleza tu. Futeni mafuta, kisha mkaze.

Jiwe likiyumba ndiyo kazi. Shikeni penseli karibu na ukingo wake, mlizungushe polepole kwa mkono. Nafasi ikibadilika, kazeni nati. Bado? Lifungueni, mligonge kidogo kwa mpini wa mbao likiwa kavu. Zima hulia kama kengele, na sisi wa Kengeleni hapa Frere Town twaijua sauti hiyo. Lenye ufa hutoa sauti butu. Hilo litupeni, hata kama mmelinunua jana. Likipasuka mbioni, fundi hupoteza jicho.